Namna ya Kumuaga Fundi Mwenzenu Katika Karakana ya Baiskeli ya Jamii: Mwongozo Kamili

Fundi mmoja wa karakana yetu hakutoa gurudumu kwenye stendi kabla ya kulisikiliza. Alilizungusha taratibu kwa mkono wa kushoto, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye spoki moja baada ya nyingine, kichwa ameinamisha kama mtu anayesubiri mtoto alale. Spoki ikitoa mlio mzito kuliko jirani zake, alijua imelegea. Aliikaza robo mzunguko, akasikiliza tena. Alipoondoka tulimuaga kwa shangwe kubwa, picha nyingi na vifijo. Wiki iliyofuata ndipo tulipogundua kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa naye nusu saa afundishwe kusikiliza.

Ndiyo maana naandika haya. Kumuaga mtu wa karakana kuna kazi mbili ndani yake: kupokea alichokibeba, na kumwambia mlichokiona kwake. Watu wengi huikumbuka ya pili na kuisahau ya kwanza. Kwangu mimi ya kwanza ndiyo heshima kubwa zaidi. Mtu aliyetumia miaka kwenye benchi hufarijika sana akiona kazi yake imeshikwa na mikono mingine kabla hajafunga mlango.

Karakana ya jamii ina ugumu wake. Zana ni za wote, baiskeli nyingi ni za kuchangiwa, mafundi wachache hulipwa na wengi hujitolea, na wanaokuja huja kujifunza kutengeneza baiskeli zao wenyewe. Kwa hiyo anayeondoka huwa fundi, mwalimu, mtunza funguo na mpatanishi kwa wakati mmoja, na mara nyingi hakuna ofisi ya utumishi ya kupanga chochote. Msipopanga ninyi, hakuna atakayepanga.

Kwanza kaa naye

Habari ya mtu kuondoka husambaa karakanani kama grisi kwenye kitambaa. Ukiipata, usikimbilie kupanga sherehe. Mtafute mwenyewe, ikiwezekana akiwa na kazi ndogo mkononi, maana mafundi wengi huongea vizuri zaidi wakiwa wanashughulika na kitu. Kazi ya kuzungumza naye apewe mtu mmoja anayemwamini. Wakimfuata watano, kila mmoja ataondoka na jibu lake.

Muulize siku yake ya mwisho ya kweli ni ipi, yaani siku ambayo baada yake hamtamtegemea kufungua mlango. Muulize nani aambiwe, lini, na aambiwe na nani. Muulize angependa kuagwa vipi: mbele ya watu wote, kati ya mafundi peke yao, au kimya kimya baada ya zamu. Mwisho muulize swali ambalo mimi hulipenda kuliko yote: kuna kazi gani hapa ungejisikia vibaya kuiacha haijakwisha? Jibu la swali hilo likipatikana, mna nusu ya mpango wenu. Andika majibu kama alivyoyasema, bila kuyapamba.

Naomba uamini kwamba swali la namna ya kuagwa si la adabu tu. Kuna dada tuliyempangia shughuli ya ghafla. Aliingia akidhani anakuja kufunga hesabu ya spea, akakuta watu arobaini wanapiga makofi. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayefundisha kwa kuonyesha. Alisimama karibu na pampu, akashukuru kwa sauti ndogo, na baada ya dakika kumi tukamkosa. Hatukuwa na nia mbaya, lakini jioni ile tuliifanya ya kwetu badala ya kuwa ya kwake.

Panga siku kwa kurudi nyuma

Mkiwa na wiki nne, mna muda wa kutosha. Wiki ya kwanza waambie mafundi wote na kuteua atakayepokea kila kazi. Wiki ya pili na ya tatu ni za makabidhiano. Wiki ya nne iwe ya kuagana, na isiwe na jambo jipya la kujifunza.

Mkiwa na siku chache tu, fuata mpangilio huu: funguo na nywila, kisha baiskeli za watu zilizoko kati ya matengenezo, kisha ahadi alizotoa, kisha ujuzi wake. Sherehe inaweza kufanyika hata baada ya mwezi, naye akaalikwa kama mgeni. Baiskeli ya mtu iliyofunguliwa breki haiwezi kungoja hivyo.

Wanafunzi wa karakana, hasa watoto, waambieni mapema na ana kwa ana. Mtoto aliyezoea kufundishwa na mtu yule yule kila Jumamosi akija akakuta stendi ina mtu mwingine, bila maelezo, hudhani amekosa kitu. Mwacheni fundi mwenyewe aseme, naye amtaje atakayewaendeleza: "Kuanzia wiki ijayo utafanya kazi na kaka huyu. Nimemwambia umefikia kwenye breki." Sentensi fupi ya namna hiyo humkabidhi mtoto kwa heshima.

Mpokeeni kazi yake

Hapa ndipo penye uzito, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua daftari, mzunguke karakana nzima pamoja kuanzia mlangoni. Usimuulize "kuna nini cha kujua?" Hilo halijibiki, kwa sababu anachokijua amekizoea hata hakioni tena. Muulize kuhusu vitu mnavyovigusa. Droo hii ina nini? Hiki chuma kilichopindwa ni cha kazi gani? Kwa nini fremu hii imening'inia hapa muda wote huu? Utashangaa. Kile chuma kilichopindwa kumbe ndicho chombo cha kuvutia kebo ya breki inayopita ndani ya fremu, alichokitengeneza mwenyewe kutokana na spoki ya zamani.

Anzeni na baiskeli ambazo hazijakwisha. Kila moja ifungwe kikaratasi kilichoandikwa kwa maneno kamili: ya nani, nini kimefanyika, nini kimebaki, spea gani inasubiriwa, mwenyewe ameahidiwa nini. Msikubali vifupisho. Yule dada niliyemtaja alituachia baiskeli 11 zenye vikaratasi vya herufi mbili mbili. Moja iliandikwa "BT". Tukaisoma "breki tayari", tukamkabidhi mwenyewe. Kumbe aliandika "breki, tazama". Breki ya nyuma ilikuwa haijakazwa kebo, na ni bahati tu kwamba mwenye baiskeli aliibinya kabla hajapanda. Tangu siku hiyo karakanani kwetu hakuna kifupisho kwenye kikaratasi cha kazi, kwa anayeondoka na kwa anayebaki.

Kisha njooni kwenye ujuzi. Usihangaike kuandika yale ambayo kila fundi anayajua, kwamba pedali ya kushoto ina hesi (mizunguko ya skrubu) ya kinyume na hufunguka kwa kuzungushwa kufuata mishale ya saa. Tafuta yale yanayokaa pembeni ya kanuni. Kwa mfano, kwenye ekseli ya kranki (ile inayopita ndani ya fremu, katikati ya pedali mbili) ya mfumo wa Kiingereza, kikombe kinachoishikilia upande wa kulia kina hesi ya kinyume, ila ule wa Kitaliano una hesi ya kawaida pande zote mbili. Karakana inayopokea baiskeli za kuchangiwa itakutana na zote mbili, na atakayelazimisha upande usio sahihi ataharibu fremu nzima. Fundi mkongwe pengine anakumbuka ni zipi kati ya baiskeli zenu ziko hivyo. Mwambie aziwekee alama ya rangi kabla hajaondoka.

Matairi ni hivyo hivyo. Tairi lililoandikwa inchi 26 linaweza kuwa la rimu ya milimita 559, 584, 590 au 597, na hakuna hata moja linaloingia kwenye rimu ya mwenzake. Yale ya inchi 28 yana 622 na 635. Fundi aliyezoea huyatofautisha kwa jicho na kuyatundika kwenye kulabu zake bila kuandika lolote. Akiondoka, zile kulabu zinabaki fumbo. Jioni moja ya kuandika namba za milimita juu ya kila kulabu, naye akielekeza, itawaokoa mwaka mzima wa kujaribu tairi moja baada ya jingine.

Yapo pia maamuzi. Cheni, kwa mfano. Kipimo chake kinajulikana: kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 24 baada yake, cheni mpya ina milimita 304.8. Ikifika kama 306.3 imerefuka kwa asilimia 0.5, na ikifika 307.1 ni asilimia 0.75. Cheni nyembamba za gia 11 na 12 hubadilishwa kwenye kipimo cha kwanza, na za gia 8 hadi 10 wengi huzivumilia hadi cha pili. Hayo utayakuta popote. Usichokikuta popote ni hiki: mtu asiye na pesa akileta baiskeli ambayo cheni na meno ya gia vimelika pamoja, mwenzenu hufanya nini? Cheni mpya juu ya meno yaliyolika itaruka. Je, huwa anaiacha cheni ya zamani iendelee, au huchimbua kwenye sanduku la spea zilizotumika mpaka apate vinavyoendana? Muulize afanyavyo na kwa nini. Huo ndio urithi wenyewe.

Kwa kazi za mikono, njia bora niliyoiona ni kubadilishana nafasi. Yeye akae kwenye kigoda, mikono mfukoni, wewe ufanye. Atavumilia dakika tatu, kisha atasema, "Hapana, usikaze hiyo kwanza." Andika hapo hapo. Maneno yanayomtoka anapoona unakosea ndiyo hasa anayoyajua. Simu iwe pembeni inarekodi sauti, kwa ridhaa yake. Tungekuwa tumefanya hivyo na yule fundi niliyeanza naye, leo tungekuwa na mlio wa spoki iliyokaza sawasawa na wa ile iliyolegea, pamoja na sauti yake akieleza tofauti.

Baada ya hapo, mengine ni orodha: funguo zote, pamoja na ile ya kabati ambayo hakuna anayeikumbuka, nywila, namba za wanaowauzia spea, majina ya wanaowachangia baiskeli na jinsi wanavyopenda kuzungumziwa. Pitieni kwa haraka, ila msiruke kipengele cha ahadi. Fundi wa karakana ya jamii hutoa ahadi nyingi za mdomo. Kuna kijana aliyeambiwa akija Jumamosi tano mfululizo ataondoka na baiskeli yake, na amekuja nne. Ahadi hiyo sasa ni ya karakana, na yule kijana asije akalazimika kuikumbusha.

Zana binafsi zinahitaji upole. Mafundi huja na spana zao, na baada ya miaka zinachanganyika na za karakana mpaka hakuna anayejua ipi ni ya nani. Kaeni mzipange mezani mchana, mbele ya wote. Mkibishana juu ya spana moja, mpe. Hakuna spana inayostahili kuwa kumbukumbu ya mwisho kati yenu.

Zawadi itoke kwenye benchi

Karakana ina uwezo wa kutoa kitu ambacho duka halina. Nimeona zawadi nyingi, na inayonigusa kuliko zote ni gurudumu lililojengwa na watu wote. Nitaeleza jinsi ya kulijenga, kwa sababu linawezekana hata kwa kikundi ambacho wengi wao hawajawahi kushika spoki.

Chagua gurudumu la mbele, la breki ya kubana rimu. Halina gia, kwa hiyo habu yake, yaani kitovu cha gurudumu, iko sawa pande zote na spoki zote ni za urefu mmoja. Kwanza hakikisheni litaingia kwenye baiskeli yake: namba ya rimu ilingane na ya sasa, na upana wa habu ulingane na uma wa mbele, ambao kwa ekseli ya kawaida huwa milimita 100. Mwombe fundi mwingine mwenye uzoefu apige hesabu ya urefu wa spoki kabla hamjanunua. Spoki ndefu kwa milimita tatu tu huharibu kila kitu.

Gurudumu la spoki 36 hugawanyika vizuri kwa watu. Ni 18 kila sahani ya habu (ule ukingo wenye matundu ya spoki, mmoja kila upande), na kila 18 ni tisa zinazoelekea upande mmoja na tisa zinazoelekea upande wa pili. Zile tisa za mwanzo za kila sahani ni rahisi: unaruka tundu moja kwenye habu na matundu matatu kwenye rimu. Hizi wapewe wanafunzi na watu waliojiunga juzi, kila mtu yake, huku mmoja akielekeza. Kisha habu huzungushwa ili spoki zilale kwa mshazari, na zile 18 zilizobaki huanza kupishana: kila moja huvuka tatu za sahani yake, mbili ikipita upande mmoja na ya tatu ikipita upande wa pili. Hizi waachieni wenye mkono. Pakeni grisi kidogo kwenye hesi, na vinati vyote vinavyoshika spoki kwenye rimu vikazwe sawa, mpaka hesi zipotee ndani na zisizidi hapo.

Mkifika hapo, simameni. Msilinyooshe. Gurudumu likabidhiwe likiwa limefumwa lakini halijakazwa, na siku ya kuagana liwekwe kwenye stendi mbele yake. Amalizie mwenyewe, mbele ya wote, na mtu mmoja akae karibu naye ajifunze. Nimeona mzee wa karakana aliyekuwa ameapa hatatoa hotuba akifanya hivyo kwa dakika arobaini, akieleza kila robo mzunguko, akiita watu wasogee wasikilize mlio. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake.

Jambo moja dogo. Kabla hamjavalisha tairi, andikeni majina yenu kwa kalamu isiyofutika kwenye ule utepe unaofunika vinati ndani ya rimu, upande unaotazama tyubu. Kwa nje halionekani lolote. Ila siku atakayopata pancha mbali huko aendako, akalifungua tairi, atawakuta wote.

Kama gurudumu halifai, labda anasafiri mbali na mizigo michache, mpeni kitu kidogo kilichotumika: chombo cha karakana alichokuwa akikipenda kikiwa kimesafishwa na kutiwa mpini mpya, au daftari lenye kurasa mlizoandika kwa mkono. Michango ya pesa ikusanywe kwa siri kwenye bahasha, bila orodha ya nani ametoa ngapi. Wapo wanaokuja karakanani hasa kwa sababu mfuko ni mtupu, na wao pia wana haki ya kumuaga.

Maneno ya kusema

Watu huogopa sehemu hii kuliko inavyostahili. Kanuni yangu ni baiskeli moja, siku moja, tabia moja. Taja baiskeli fulani aliyoitengeneza, siku fulani mliyokuwa wote, na tabia moja yake ambayo umeichukua. Ukifuata hayo matatu hutahitaji sifa kubwa kubwa, na kila atakayesikiliza atamtambua mtu unayemzungumzia.

Hotuba inaweza kuwa fupi hivi:

"Fundi, siku yangu ya kwanza hapa nilikuja na baiskeli ya bluu ambayo pini za kranki zake zilikuwa zimeshikwa na kutu. Nilikuwa nimezipiga nyundo nyumbani mpaka zikapinda. Hukuniuliza nani ameharibu. Ulizitia mafuta, ukasema tuziache mpaka kesho, ukanipa tyubu nizibe ili nisikae bure. Kesho yake tukazitoa pamoja. Tangu hapo, mtu akija hapa na kitu alichokiharibu mwenyewe, simuulizi nani ameharibu. Nampa tyubu azibe. Hilo nimelitoa kwako. Asante sana, na safari njema."

Isome kwa sauti. Haizidi dakika moja. Wasemaji watatu wanatosha, na mmoja wao awe mtu aliyekuja kujifunza, asiwe fundi. Mkisema wengi, wa mwisho atarudia ya wa kwanza, na anayeagwa atachoka kusimama. Yeye mwenyewe asilazimishwe kusema. Mpeni nafasi, akiipokea sawa, akitikisa kichwa endeleeni.

Kwenye kadi fanyeni vile vile. "Asante kwa yote, tutakukumbuka" ni maneno mema, lakini akiyakuta mara ishirini kwenye ukurasa mmoja hayatambakia hata moja. Mwambie aliyekosa la kuandika ajaze sentensi hii: "Sitasahau uliponi..." Mmoja wetu aliandika, "Sitasahau uliponiacha nikosee kufunga gia mara tatu bila kuninyang'anya bisibisi." Hiyo inatosha.

Siku yenyewe

Mimi huona ni vizuri kufanyia hapo hapo karakanani, saa ya mwisho ya zamu ambayo watu wamezoea kuja. Aliowatengenezea baiskeli watakuwepo, na hakuna atakayekosa njia. Acheni kupokea kazi mpya saa moja kabla. Fagieni sakafu, maana gololi moja iliyodondoka inaweza kumwangusha mtu, na fungieni visu, vimumunyisho na vyombo vya umeme kama watoto watakuwepo.

Mwacheni afanye ukaguzi wa baiskeli ya mwisho kama anavyofanya siku zote: breki, usukani, ekseli za magurudumu, hewa. Asaini kwenye daftari la kazi. Picha ipigwe hapo, mikono ikiwa bado na grisi, kabla hajanawa.

Kisha funguo. Watu huzirudisha pembeni, kwenye kona, kana kwamba ni jambo la aibu. Mimi napendelea azitoe mfukoni na kuziweka mkononi mwa anayempokea, mbele ya wote. Ni tendo la sekunde mbili, na kila aliyepo ataelewa nani wa kumwendea kesho asubuhi.

Kuagana kukiwa kugumu

Wapo wanaoondoka baada ya ugomvi. Hapo msijifanye hakuna kilichotokea, na msiligeuze lile tukio kuwa kikao cha kusuluhisha. Makabidhiano yafanyike kikamilifu, kwa maandishi, na mtu ambaye hakugombana naye. Shukrani isemwe kwa kazi ambayo kweli aliifanya, hata kama ni moja. Nimeona barua ya mistari minne ikitajwa kwa shukrani miaka mingi baadaye na mtu aliyetoka akiwa amekunja uso.

Aliyeachishwa kwa sababu fedha za mshahara zimekwisha anahitaji jambo jingine kabla ya zawadi: barua ya utambulisho inayotaja kazi anazoziweza kwa majina yake, kujenga magurudumu, kufunga gia, kufundisha kundi la watoto, kusimamia stoo. Iandikeni, ipigwe muhuri na isainiwe kabla ya siku ya mwisho. Anaweza kuihitaji kesho yake.

Anayeondoka kwa ugonjwa, mfuateni aliko. Msimpelekee orodha ya maswali. Nendeni wawili, mpelekeeni habari za baiskeli alizoziacha, na akitaka kuuliza mwenyewe atauliza. Na kwa anayesema kabisa hataki kuagwa, mheshimuni. Kadi moja ndani ya sanduku lake la zana haimvunjii mtu neno lake.

Wiki zinazofuata

Maswali yatazuka, hilo halina shaka. Chagueni mtu mmoja wa kuyakusanya, amtumie mara moja kwa wiki kwa muda mliokubaliana naye, mwezi mmoja labda. Mkimpigia kila mtu kwa wakati wake, mtakuwa mmemwondolea malipo au heshima na kumwachia kazi. Majibu yake yaingie kwenye daftari lile lile la makabidhiano, ili yasiulizwe mara mbili.

Stendi yake itumike. Siku za mwanzo watu huikwepa, wanajibana kwenye nyingine, nami naielewa hali hiyo. Ila mwanafunzi wake wa mwisho akiwa tayari kufanya kazi peke yake, mpeni hiyo. Tumeni picha ya baiskeli ya kwanza iliyotoka pale baada yake. Yule kijana wa Jumamosi tano akipata baiskeli yake, tumeni na hiyo.

Na akija siku moja kuwatembelea, mtu atamwona mlangoni na kumkimbilia na gurudumu lililopinda. Lipokeeni hilo gurudumu ninyi. Mvutieni kigoda, mpeni nafasi ya kuegesha baiskeli yake, kisha mwekeni mwanafunzi mpya mbele ya stendi na mwacheni mgeni wenu asikilize spoki zinavyolia.